Huko Hawaombi Chai?

Usiku wa kuamkia siku ya kuandika makurutu wa jeshi huwa sifungi saiba mapema. Vijana wa Free Area na Lanet hapa Nakuru, na wengine kutoka mbali kule Kaptembwo, hujaa hadi kibarazani, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE, barua ya kumaliza shule. Wanataka nakala, na wanazitaka safi.

Kutoa nakala ya kitambulisho kuna ujuzi wake. Pande zote mbili sharti zikae kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo unapiga upande wa mbele, unairudisha karatasi ileile kwenye trei, unageuza kitambulisho na kukisogeza chini kidogo, halafu unaomba Mungu mashine isiitafune. Lakini vyenye matata hasa ni vyeti. Wazazi wengi huvipeleka kutiwa lamineti siku ileile vinapochukuliwa shuleni, na plastiki ile ikipigwa na taa ya mashine hung'aa, ukurasa ukatoka na doa jeupe. Karibu wote huniomba nirudie. Safari hii doa lilikaa juu ya gredi ya hesabu ya kijana mmoja. Nikataka kurudia, akanizuia.

"Wacha hivyo, boss. Iko sawa."

Huyo ndiye aliyeniuliza swali.

Nilikuwa nimelaza kitabu kifudifudi kando ya mashine. Jalada lake lina askari aliyevaa suti ya chuma na sayari nyekundu nyuma yake. Akauliza kinahusu nini. Nikamweleza huku nikihesabu karatasi zake: ni karne zijazo, kijana amezaliwa kwenye koloni la machimbo, hata hewa anayovuta ni ya kulipia, na deni la baba yake limekuwa lake. Njia ya kutoka ni moja. Anajiandikisha jeshini, deni linafutwa, anapelekwa kupigana angani.

Akafikiri kidogo.

"Kwa hivyo huko hawaombi chai?"

Aliuliza vile mtu anavyouliza nauli ya Eldoret. Nikamwambia hapana, humo kitabuni hakuna anayeomba chai. Akasema "Eish," akalipa, akaenda zake. Wiki zimepita na swali lake bado linanikera, kwa sababu nimesoma riwaya za aina hii kwa miaka na halikuwahi kunijia.

Sura ya pili, sahihi

Riwaya zenyewe nazinunua za mitumba, zile zinazotandazwa juu ya gunia kando ya barabara mjini. Sizisomi kwa ajili ya roketi. Nazipenda kwa sababu hazipambi vita: suti inavuja, chakula kinanuka, sajini ana mdomo mchafu, na rafiki mliyekula naye asubuhi jioni hayupo, na hakuna aliye na nafasi ya kumlilia. Anayetaka mashujaa wenye meno meupe atafute kwingine.

Lakini zote, hata zile nzuri kabisa, zinaanza mwendo mmoja. Sura ya kwanza umaskini. Sura ya pili sahihi. Sura ya tatu kichwa kimenyolewa.

Hakuna sura ya foleni.

Mhusika anaingia ofisini asubuhi, anasomewa masharti, anatia sahihi, na adhuhuri yuko ndani ya chombo. Mwandishi anataka tushtuke kwamba jeshi linamla maskini. Tunashtuka, ndiyo. Ila msomaji wa hapa kwetu kuna kitu kingine kinachomshtua kabla ya hicho, nacho ni urahisi wa kuingia.

Mlango huo mpana una historia yake, na si historia yetu. Mwaka 1966, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto, Waziri wa Ulinzi wa Marekani Robert McNamara alishusha viwango vya kuingia jeshini kwa mpango ulioitwa Project 100,000. Hadi mpango ulipofungwa mwaka 1971, zaidi ya wanaume 300,000 ambao zamani wangekataliwa, wengi wao maskini waliofeli mitihani ya jeshi, walikuwa wamevalishwa sare. Sheria ya kuwaita vijana kwa lazima ilikoma mwaka 1973, na tangu hapo jeshi la Marekani huwabembeleza: ada ya chuo, marupurupu ya kutia sahihi, uraia kwa mhamiaji. Na bado wakati mwingine hawatoshi. Mwaka wa fedha wa 2022 jeshi lao la nchi kavu lilitaka makurutu 60,000 likapata kama 45,000.

Nafasi elfu kumi na tano zimekosa watu! Hapa Kenya ukilisema hilo kwenye foleni watadhani umelewa.

Basi mwandishi wa kule akiwaza karne ijayo, anaona jeshi lenye njaa likiwinda maskini. Yule kijana wa bahasha ya kaki anaona maskini wenye njaa wakiliwinda jeshi.

Foleni yetu

Wenye nyumba za jirani wamewahi kupita kwenye foleni hii, kwa hiyo sitaeleza mengi. Umri ni kuanzia miaka 18 hadi 26. Kimo kisipungue futi tano na inchi tatu. Mwanamume awe na kilo zisizopungua hamsini na nne na nusu, na nimeona vijana wakinywa maji lita kwa lita asubuhi ya mizani mpaka wakashindwa kukimbia. Mnakimbia. Mnavuliwa mashati. Meno yanahesabiwa, nyayo zinaangaliwa, mikono inanyooshwa mbele. Mamia wanafika uwanjani na jua likianza kuchwa wanabaki wachache wamekaa kwenye nyasi. Wengine wote wamesharudi nyumbani na bahasha zao.

Wizara ya Ulinzi hutangaza kila mara kwamba zoezi ni la bure na kwamba anayetoa hongo na anayepokea wote watashikwa. Tangazo hilo husomwa na kila mtu. Halafu usiku mtu asiyejulikana vizuri, aliye na shemeji aliyewahi kuwa kambini, anapiga simu kwa mama wa kijana.

Hapo ndipo shamba linapouzwa.

Barua za namna hiyo nimeziona kwa macho yangu, maana huletwa kwangu kutolewa nakala. Moja ilikuwa na nembo iliyovutwa kutoka intaneti, kingo zake zimechakaa kama picha iliyokuzwa kupita kiasi, na muhuri wake ulikuwa umechapishwa pamoja na maandishi. Muhuri wa kweli hugongwa juu ya karatasi. Ukipitisha kidole cha maji, wino unasambaa. Nilimwonyesha mwenye barua. Alikuwa na baba yake. Mzee akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akaniambia kwa upole wa kuogofya, "Wewe fanya kazi yako, mwanangu." Nikafanya. Nakala tatu.

Mara kadhaa vijana wamefika kwenye lango la shule ya makurutu kule Eldoret na barua kama hizo, wakaishia mikononi mwa polisi. Picha zao huwa gazetini, na masanduku yao ya bati.

Nieleze wazi kwamba siwalaumu. Mwenye digrii anakuja kuandikwa askari wa kawaida kwa sababu zilezile za aliyeishia kidato cha nne: mshahara usiokoma mwisho wa mwezi, hospitali, nyumba, na heshima ya kuitwa afande na mtu ambaye juzi alikuita "wewe". Ukiyapiga mahesabu, shamba la nusu ekari lisilovunwa kitu si bei kubwa. Ndiyo maana wakora wanapata wateja. Wanauza kitu ambacho kwa kweli kina thamani, ila hawana.

Sayari ya zawadi

Kuna ahadi nyingine inayojirudia humo vitabuni. Askari akimaliza kandarasi yake anapewa ardhi kwenye sayari mpya. Anga la buluu, mto, ekari zake mwenyewe. Nilikuwa naipita sehemu hiyo haraka, maana huwa ya kuchosha, mpaka hivi majuzi nilipoisoma tena na swali la yule kijana kichwani.

Mlango mpana tulishakuwa nao sisi.

Mwaka 1917 Waingereza walihitaji wapagazi wa kubeba mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani kwenye koloni lao, ambalo baadaye liliitwa Tanganyika. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza hapo Kisumu, ndiye aliyepewa kazi ya kuwakusanya. Machifu walipewa idadi, na idadi ikajazwa, usiku ikibidi. Nyanza ilitoa watu wengi sana. Wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi chao cha wapagazi, walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Suti zao hazikuvuja, maana hawakuwa na suti. Wengi hawakuwa hata na blanketi la pili.

Vita vikaisha. Mwaka 1919 serikali ikaanzisha mpango wa kuwapa ardhi askari waliopigana. Askari wazungu, naam. Trans Nzoia ikakatwa mashamba. Sehemu ya ardhi ya Wanandi ikachukuliwa. Waliogawiwa walifika kutoka Uingereza wakiwa na ramani na namba ya shamba, wakikuta watu, ng'ombe na makaburi mahali ambapo karatasi ilisema hapana kitu.

Sayari ile ya kwenye vitabu ipo. Iko saa chache kutoka hapa kwa matatu.

Sikusudii kuwanyang'anya waandishi starehe yao. Ila tangu nilione hilo, kila mhusika akitajiwa ekari zake angani namwangalia kwa jicho la aliyekuwa akiishi pale kabla ya chombo kutua. Vitabu vichache sana vinamwangalia hivyo, na kama vipo vingi basi havijafika kwenye gunia la mitumba la Nakuru.

Saa mbili tofauti

Kuna riwaya moja inayonirudisha kwenye kicho nilichokuwa nacho nilipoanza kusoma hizi hadithi: The Forever War ya Joe Haldeman, ya mwaka 1974. Haldeman alikuwa askari Vietnam, akajeruhiwa, na inaonekana. Mhusika wake hajiandikishi, anachukuliwa kwa sheria, kwa hiyo haihusu umaskini moja kwa moja. Ila ametumia fizikia kusema jambo ambalo familia za wanajeshi wanalijua bila fizikia.

Einstein alionyesha kwamba anayesafiri karibu na kasi ya mwanga, saa yake hupungua mwendo. Kwa asilimia 99.5 ya kasi hiyo, mwaka mmoja ndani ya chombo ni miaka kumi hivi duniani. Askari wa Haldeman anapigana vita vinavyodumu zaidi ya miaka elfu moja, na mwili wake unazeeka miaka michache tu. Anarudi nyumbani anakuta lugha, bei, mapenzi, kila kitu kimehama.

Binamu yangu wa kule Vihiga aliandikwa jeshi zamani kidogo, kabla ya wanajeshi wetu kuvuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011. Amekwenda huko zaidi ya mara moja. Hakuwa El Adde, kambi yetu huko Somalia iliyoshambuliwa na al-Shabaab, ile asubuhi ya Januari 15, 2016, lakini watu aliokula nao walikuwepo, na mpaka leo serikali haijawahi kutangaza idadi kamili ya waliokufa. Akija likizo anakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mparachichi, na watoto wa nyumbani wanaambiwa wamsalimie mmoja mmoja kwa sababu hawatambui. Anauliza habari za watu waliokufa. Anataja bei ya sukari ya miaka mitatu nyuma. Mama yake anamwangalia anavyogeuka haraka mlango ukigonga, kisha anamwongezea mboga.

Hapo Haldeman amepatia.

Ila kuna sehemu amekosea, na hilo nalisema kwa kujiamini, mimi mwenye mashine ya nakala. Kwenye riwaya yake mshahara wa askari unalala benki duniani huku karne zikipita, unazaa riba, na akirudi ni tajiri. Kwetu mshahara haulali hata siku moja. Binamu yangu aliwahi kunitumia hati yake ya mshahara nimtolee nakala ya kupeleka benki. Mkopo wa sakosi, mkopo wa benki, mkopo wa nyumba ya mama, makato mengine nisiyoyajua, na mwisho kabisa, kwenye kona ya chini, kiasi ambacho kingemtosha mtu asiye na ndugu. Yeye ana ndugu wanne aliowasomesha. Wakati wake umeenda polepole huko aliko, na wakati wa pesa zake umeenda mbio huku nyumbani.

Je, aliondoka kwenye umaskini? Mama yake aliondoka. Ndugu zake waliondoka, mmoja ni mwalimu. Yeye mwenyewe, sijui niseme nini. Nikiwa na hakika ningeandika hapa.

(Na tusidhani manung'uniko ya mshahara ni jambo la juzi. Januari 1964, wiki chache baada ya uhuru, askari wa hapo Lanet waliasi kwa sababu ya mishahara na maafisa Waingereza waliokuwa bado wanawaamuru, wakazimwa na wanajeshi wa Uingereza. Kwenye riwaya za angani maasi huwa ni ya dhamiri: askari anakataa kulipua mji. Ya kwetu yalianzia mfukoni, na sioni kama hiyo inayafanya madogo.)

Lango lisilo na mizani

Nilikuwa karibu kumtafuta yule kijana nimwambie kwamba swali lake limenionyesha kasoro ya vitabu vyangu: mwandishi ambaye hajawahi kuona foleni hawezi kuandika mlango. Ningeishia hapo na ningekuwa nimeridhika.

Kisha nikakumbuka Urusi.

Mwaka 2025 ilianza kusikika kwamba kuna Wakenya kwenye mahandaki ya Ukraine. Wengine walikuwa wameahidiwa kazi ya ulinzi au udereva. Walifika, wakapewa karatasi za lugha wasiyoisoma, wakatia sahihi. Mwezi wa Novemba serikali ilisema inaaminika Wakenya zaidi ya 200 wamejiunga na jeshi la Urusi. Huko vita vyenyewe ni vya droni: kijana amejificha kwenye shimo, na kitu kidogo chenye kamera kinamtafuta kutoka juu, kikiendeshwa na mtu aliyekaa mbali mbele ya kioo. Miaka ishirini iliyopita ningeinunua hiyo kwenye gunia kama hadithi ya kubuni.

Na mlango wake ni uleule wa vitabuni. Hawapimi kimo. Hawahesabu meno. Gredi ya hesabu, hata iwe na doa jeupe, haiwahusu. Tiketi ya ndege wanalipa wao.

Hawaombi chai.

Nilikaa na hilo usiku mzima, nikiwa na rimu ya karatasi mpya ambayo sikuifungua. Chai yetu ni wizi, na nimeona mashamba yakienda nayo. Lakini mtu hukuuzia nafasi pale tu nafasi ina thamani kwake au kwa mwingine. Kariakoo hakuna aliyehonga kuingia. Sasa mama mwenye kijana mmoja na shamba la nusu ekari amewekwa kati ya lango linalomdai shamba na lango linalomdai kijana, na lile la pili ndilo lenye adabu zaidi kwenye simu.

Riwaya ninayoitaka

Nimeanza kuiandika mwenyewe, kwenye kompyuta namba tatu, ile yenye kibodi isiyo na herufi W vizuri. Inatokea Vihiga, karne ijayo. Jeshi la anga linaandika makurutu kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kuna mizani. Kuna mwalimu mstaafu anayejua mtu anayejua mtu. Mhusika wangu ana inchi moja pungufu, na mama yake ana ng'ombe wawili, na kufikia ukurasa wa hamsini amebaki na mmoja.

Anapata barua. Anasafiri nayo hadi langoni. Muhuri unaguswa kwa kidole cha maji, wino hausambai, na anarudishwa barabarani na sanduku lake la bati. Hapo nje kuna gari jeupe limeegeshwa, na ndani yake mtu mwenye suti nzuri ambaye amekuwa akiwasubiri waliorudishwa, kwa sababu anajua hawawezi kwenda nyumbani. Hawaombi chochote. Anawanunulia chakula cha mchana, anawauliza kama wana pasipoti, na kama hawana anasema hilo si tatizo.

Rafiki yangu wa Kisumu, ambaye ndiye pekee anayesoma ninayoandika kabla hayajatoka, amelalamika kwamba hakuna roketi. Anasema msomaji wa hadithi za vita hawezi kuvumilia kurasa zote hizo za foleni, ng'ombe na mizani, na kwamba hapo kwenye gari jeupe ndipo hadithi inapoanza; nikate yote ya nyuma.

Nimemjibu kwamba hapo ni ukurasa wa mia moja na ishirini, na hautasogea.